Gari Lisilokwenda Mbali

Ifakara, Jumamosi mchana

Mwanangu Teckla,

Umekwenda Kiberege kumuaga bibi yako na utarudi na gari la jioni, kwa hiyo nina saa chache za kuandika bila wewe kunichungulia begani. Mikate ya leo imeshatoka na tanuri linapoa. Habari za kula vizuri, kusali na kuvaa sweta kwa sababu ya baridi ya Kasulu unakokwenda kuanza kazi, mama yako mdogo ameshakuambia mara tatu, na mimi nilikuwa pale nikiitikia kwa kichwa. Sitazirudia.

Nataka kukuandikia habari ya oili.

Najua unacheka. Lakini wiki ijayo utakabidhiwa ufunguo wa gari la wagonjwa, na kwenye kona ya kioo utakuta stika imeandikwa kwamba oili ibadilishwe likifika kilomita kadhaa. Mimi niliwahi kuiamini stika ya namna hiyo kuliko nilivyomwamini mtu. Ulikuwa darasa la saba wakati ule. Ulirudi kutoka shule ukauliza mjomba Luhende yuko wapi, nikakujibu ameacha kazi kwa hiari yake, amekwenda kulima. Kulima ni kweli alikwenda. Hiari haikuwepo. Nilimfukuza mimi, mbele ya watu, na nilikosea. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na sitaki uondoke nalo likiwa uongo.

Baba yako, Mungu amrehemu, alituachia tanuri na jina zuri kwa wateja. Nikanunua kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama mji. Unazikumbuka, nyeupe zote mbili, za mwaka mmoja, hata mikwaruzo ilifanana. Moja niliiendesha mwenyewe kusambaza mikate hapa mjini. Ya pili nilimpa Luhende, kubeba mpunga wa watu kutoka vijijini kuja mashineni, na siku nyingine kupeleka mikate Mang'ula.

Wewe ulimjua kama mtu wa kukuletea miwa. Mimi nilimjua kama dereva asiyesema sana, mtu wa miaka arobaini hivi, ambaye wazazi wake waliteremka bonde hili na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa kijana. Udereva alijifunza ukubwani. Kila akishuka kwenye gari alizunguka mbele, akafungua, akainama na kunusa. Niliona ni mazoea ya kishamba tu.

Sasa nikueleze nilivyokuwa naendesha yangu, maana hapo ndipo penyewe. Alfajiri naiwasha. Duka la kwanza liko karibu hivi kwamba huwezi kumaliza Salamu Maria tatu. Nashusha kreti, gari linaunguruma. Betri ilikuwa imechoka, nikizima naogopa halitawaka tena, basi sizimi. Duka la pili, hivyo hivyo. Pale sokoni nakutana na mama wauza samaki, tunaongea habari za msiba na za harusi, gari linaunguruma. Mvua ikinyesha nakaa barazani kwa mtu nusu saa nzima, gari linaunguruma. Mzunguko wote haukufika kilomita saba, na ulinichukua saa mbili. Sikuwahi kulikimbiza. Sikuwahi kulipakia mzigo wa kulielemea. Nililiosha kila Jumamosi. Nilijiona ndiye mtunzaji wa magari kuliko wanaume wote wa Ifakara.

Kila Jumapili baada ya misa nilipima oili ya magari yote mawili. Ya kwangu haikupungua hata siku moja. Ya Luhende ilipungua, kidogo kidogo, kila wiki mbili tatu lazima niongeze. Unajua mawazo yaliyonijia? Nilidhani anaichota anauza. Sikumwambia. Nilimtazama tu, na mtu akitazamwa hivyo anajua.

Mara mbili alijaribu kunieleza jambo. Mara ya kwanza ilikuwa msimu wa mavuno, vumbi limefunika mpaka majani ya migomba. Akaja na kijiti cha kupimia oili mkononi, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mayu, oili ya gari yangu imekwisha kazi. Tumwage."

Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita.

"Stika inasema bado," nikamwambia.

"Stika haijui vumbi tunalokula. Wala magunia."

"Luhende, waliotengeneza gari ndio wanaojua. Mimi na wewe tunajua nini?"

Mara ya pili alipita uani akakuta nimefungua gari langu, akaomba aone. Akavuta kijiti, akanusa. Akarudisha, akavuta tena, akanusa tena.

"Hii inanuka petroli," akasema. "Halafu imezidi. Iko juu ya alama."

"Imezidi vipi? Nani ameongeza?"

"Hapo ndipo na mimi nashindwa kuelewa, mayu. Hii gari inaumwa."

Nikamwambia gari linaloumwa ni lile linalopungukiwa na oili kila wiki, langu aliache. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeelewa anachoambiwa, akaenda zake.

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa na harusi Mang'ula, wameagiza mikate na skonzi, na kirikuu ya Luhende imekatika springi. Nikampa ya kwangu. Asubuhi ile nilipima oili mwenyewe, mbele yake, na nikahakikisha ameona: iko juu ya alama. Nikamwambia, "Nimekupa gari zima." Akaondoka.

Saa nne akanipigia simu kutoka njiani, amepita Kiberege. Injini ilianza kugonga, taa nyekundu ikawaka, akazima papo hapo. Haikuwaka tena. Injini imenoki, imejikaza haizunguki. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kunipigia, alisimamisha bodaboda tatu, akawagawia kreti za mikate, akawaelekeza kwenye harusi. Mikate yote ilifika. Hilo nililisikia kwa wenye harusi, na sikuliweka moyoni hata kidogo.

Nilipanda gari la watu nikaenda. Nikakuta ameketi kwenye nyasi kando ya barabara. Sikumsalimia. Nilifungua, nikavuta kijiti, na Teckla, oili ilikuwa chini kabisa ya alama. Imebaki ya kulowesha ncha. Asubuhi juu, saa nne chini, na ardhi chini ya gari kavu, hakuna hata tone. Nikaona nimeshika mwizi na ushahidi mkononi.

"Oili iko wapi?"

"Mayu, sijui. Kwa kweli sijui."

"Miaka miwili gari hili halijawahi kupungua hata tone. Umelipata siku moja, oili hakuna na injini imekufa. Umelikimbiza?"

"Nimekwenda mwendo wa kawaida."

Watu walikuwa wamesogea, wapita njia, wanawake wa kuuza mahindi. Na unajua jinsi sisi wa huku tunavyowasema wafugaji tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Mimi siku ile nilimsema mbele yake. Nilimwambia, "Nipe ufunguo. Rudi ukachunge ng'ombe, magari yamekushinda." Mtu mmoja akacheka. Luhende akautoa ufunguo mfukoni, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa wake kitu, akanipa. Alitembea kwa miguu kuelekea Ifakara, nami nikamwangalia mpaka akapotea, bado nina hasira, bado naona nina haki.

Gari lilikokotwa mpaka gereji ya fundi Longino nyuma ya soko. Unamjua Longino, mtu wa Mahenge, anaongea polepole kana kwamba maneno ni nati anaogopa zisidondoke. Akafungua kifuniko cha juu cha injini, akaniita.

"Mama Teckla, njoo uone."

Mle ndani kulikuwa na tope. Tope jeusi, zito, kama uji wa ulezi ulioungulia sufuriani. Upande wa chini wa kifuniko cha kumiminia oili palikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Longino aliingiza kidole, akanionyesha kichujio cha chini kilivyozibwa.

"Gari hii huwa inakwenda wapi?" akauliza.

"Haiendi mbali. Mjini tu. Naitunza."

"Ukifika dukani unazima?"

"Sizimi. Betri."

Akafuta mkono. "Basi ndiyo hiyo."

"Ndiyo ipi?"

Akanieleza, na nilibishana naye kila hatua. Alisema injini ikiwa baridi haiunguzi petroli yote. Nyingine inapenya pembeni mwa pistoni inaingia kwenye oili. Na petroli kila inapoungua inatoa mvuke wa maji, nao unaingia humo humo. Ukienda safari ndefu, oili inapata moto vizuri, maji na petroli vinaondoka kama mvuke. Ukienda vijisafari vya duka hadi duka na kuiacha ikiunguruma bila kazi, oili haipati joto la kutosha mpaka umefika nyumbani umezima. Kesho unaongeza mengine. Oili inakuwa nyepesi, inashindwa kazi, inageuka tope.

"Lakini sijafikisha kilomita za stika hata nusu," nikasema.

"Mita inahesabu matairi, Mama Teckla. Wewe ukikaa barazani nusu saa unaongea, matairi yamesimama, injini iko kazini. Nani anahesabu hiyo?"

Hilo lilinikaa. Ila bado nilikuwa na swali langu, lile la mwizi. "Na oili iliyopotea? Asubuhi nilipima mwenyewe."

Longino akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ulipima oili na petroli pamoja. Luhende alipoipasha moto barabarani, petroli ikaruka, ikabaki oili yenyewe, na ilikuwa kidogo. Ilikuwa inapungua siku zote. Ulikuwa huoni kwa sababu kuna kitu kinaijaziliza."

Nilikwenda nyumbani nikijiambia Longino anamtetea Luhende kwa kuwa ni rafiki yake. Ilikuwa rahisi kuliko kukubali. Lakini mimi ni mwoka mikate, na mvuke naujua. Najua mkate uliotolewa mapema unavyobaki na maji ndani ingawa juu umekauka. Maneno yake hayakuniacha. Nilikuwa nakanda unga huku nawaza kijiti.

Kirikuu ilipowekewa injini nyingine nikaamua nijionee. Unakumbuka kipindi kile ulikuwa unanikuta alfajiri nimepiga magoti uani na tochi, ukaniuliza kama nimepoteza hereni? Nilikuwa napima oili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari limesimama pale pale kwenye saruji. Nikakwaruza kijiti kwa msumari, alama ndogo mahali oili ilipoanzia. Halafu nikaendesha kama nilivyozoea, dukani, sokoni, barazani, bila kuzima. Nilitazama pia mshale wa joto. Sikuwahi kuutazama hapo awali. Ulikuwa haujafika katikati hata nilipomaliza duka la nne.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Wiki ya pili nikadhani naona, nikajilaumu kwamba natamani kuona. Wiki ya tatu oili ilikuwa imepanda juu ya mkwaruzo wangu, upana wa uzi wa kushonea. Na ilinuka. Nilikaa na kijiti puani kama yeye.

Siku iliyofuata nikapakia mikate nikaenda Mang'ula na kurudi, safari moja bila kusimama ovyo. Nikaegesha pale pale. Asubuhi nikapima. Oili ilikuwa imeshuka chini ya mkwaruzo.

Mwanangu, niliketi kwenye saruji. Kuna furaha ya kujua kitu, nakiri niliisikia, moyo ulinidunda kama wa msichana. Halafu papo hapo ikaja picha ya mtu anatoa ufunguo kwa mikono miwili.

Nilichelewa tena siku tisa kabla ya kwenda. Nakwambia ili usinidhanie mwema kuliko nilivyo. Nilitafuta sababu: mikate, mvua, wewe una mtihani. Siku ya kumi nikavuka daraja la Kivukoni, nikauliza njia mpaka nikafika kwake. Mkewe alinipokea, tukasalimiana, akanipa kigoda na maji, akaenda kumwita shambani. Luhende akaja na tope limekauka miguuni.

Nilianza na oili. Ndiyo woga wangu ulivyo, huanzia mahali pasipouma. Nikamweleza yote, tope, utando mweupe, mkwaruzo wa msumari, safari ya Mang'ula. Akachuchumaa akisikiliza. Akauliza maswali. Nilitumia siku ngapi? Gari liliegeshwa pale pale kila siku? Nilipima kabla ya kuwasha? Nilipofika kwenye asubuhi ile ya mwisho akapiga paja.

"Kumbe ndiyo maana ilikuwa inapanda! Nimeiwaza hiyo kitu mpaka basi. Nalima, naiwaza."

"Na ile ya kwako ilikuwa inapungua kwa nini?"

"Ile ilikuwa inaungua kidogo, imezeeka, inabeba. Hiyo ilikuwa inasema ukweli." Akaongeza kwamba isinidanganye nikaona safari ndefu ndiyo dawa ya kila kitu, vumbi na magunia vinachosha oili vilevile, ila kwa njia nyingine. Ndiyo maana alitaka tumwage mapema wakati wa mavuno.

Tulikuwa tunaongea kama zamani. Kisha akanitazama.

"Umekuja kunieleza oili tu?"

Nikamwambia hapana. Nikasema nimekosea, nilimdhania mwizi, nilimwaibisha mbele za watu, naomba anisamehe.

"Hasira ya oili ilinitoka wiki ile ile, nikabaki na hilo swali tu," akasema. "Neno la ng'ombe ndilo nililokwenda nalo nyumbani. Unajua kunusa nilijifunzia wapi? Baba yangu alinifundisha kunusa pumzi ya ndama. Ndama anaweza kuwa amesimama tu kivulini, hajakimbia, hajafanya kazi yoyote. Asiyejua anasema amepumzika. Ukimnusa unajua anaumwa. Ile gari yako niliijua kwa sababu nimechunga ng'ombe."



Nilimwomba arudi kazini, akakataa. Alisema hana hasira, ameshalima na mpunga unamkubali. Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Hapo akasita, akaniomba niwashe, akasikiliza injini mpya kidogo, akasema, "Sawa." Nikaondoka.

Sasa unaelewa kwa nini nakuandikia haya na siyo mengine. Gari la wagonjwa ni gari la vijisafari. Utaliacha linaunguruma mlangoni wakati mgonjwa anapakiwa, utakwenda hospitali iliyo karibu, utarudi, utangoja. Mita itasogea kidogo sana. Halafu siku moja kwenye barabara ndefu ya vumbi, mama anajifungua nyuma yako, utalidai gari nguvu zote. Litazame linafanya safari za namna gani, kisha ndipo usome stika. Ukiona oili haipungui kamwe, usifurahi haraka kama mimi. Na dereva mwenzako akikwambia jambo asiloweza kulieleza, muulize tena. Mimi niliambiwa mara mbili.

Kuna jambo moja limebaki. Ulipomaliza kidato cha nne ukataka kujifunza gari, nilivuka daraja tena kumwomba Luhende akufundishe. Alikubali kwa sharti moja: "Mtoto nitamfundisha. Lakini wewe utakaa nyuma kwenye bodi, na hutasema neno." Umewahi kuniuliza kwa nini Jumamosi zile nilipanda nyuma na kreti tupu, na vumbi lote lile, wakati ningeweza kubaki nyumbani. Nikakujibu napunga upepo. Nilikuwa natimiza sharti.

Siku moja mlisimama ng'ambo ya mto, ukazima injini. Ikaanza kulia tiki, tiki, tiki. Nikakusikia kupitia dirisha: "Mjomba, kwa nini inalia hivyo na nimeshazima?"

"Sijui," akasema Luhende. "Wewe unaonaje?"

Alijua vizuri sana. Na mimi nilijua, Longino alishaniambia, na jibu lilikuwa limenifika ulimini. Nikalizuia kwa kanga mdomoni. Ulishuka, ukafungua mbele, ukasogeza sikio, ukarudi nyuma hatua moja, ukasogeza tena. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyekuharakisha.

"Chuma kimepata moto kikatanuka," ukasema mwishoni. "Sasa kinarudi."

Luhende hakukusifu. Aligeuka tu, akanitazama mimi kule juu ya kreti, mara ya kwanza tangu tuanze, akanipa ishara kwa kichwa kwamba sasa naruhusiwa kusema. Na nilikuwa sina tena la kusema.

Nasikia gari la Kiberege linapiga honi. Nakuja kukupokea mzigo.

Mama yako